Mwalimu wa Hesabu Hafundishi Kodingi Peke Yake

Kila Januari ninapopokea Gredi ya 4, huwapo watoto ambao wameshakata shauri. "Mwalimu, mimi hesabu haziniingii." Wana miaka tisa, kumi. Hawajashika kipimapembe, desimali hawajazizoea, na tayari wamejitoa kwenye somo ambalo watakaa nalo miaka mingi bado. Hawalii wala hawanung'uniki. Wanakuarifu tu, ili usijisumbue nao.

Nafundisha katika shule ya msingi ya umma pembezoni mwa Kisumu, upande wa barabara ya kwenda Ahero, na swali la wapi watoto hawa wanautoa uamuzi huo limenikaa kichwani muda mrefu. Sehemu ya jibu iko nyumbani. Siku ya mkutano wa wazazi utamsikia baba akisema mbele ya mwanawe, huku anacheka, "Huyu amenifuata mimi, hesabu zilinishinda kabisa." Sijawahi kumsikia mzazi akicheka na kusema mtoto amemfuata kwa kutojua kusoma. Sehemu nyingine ya jibu iko kwetu walimu, na hiyo ndiyo ninayotaka kuizungumzia.

Mwaka 2010, Sian Beilock na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha utafiti kuhusu walimu wa kike 17 wa darasa la kwanza na la pili nchini Marekani, pamoja na wanafunzi wao. Mwaka wa masomo ulipoanza, hofu ya mwalimu haikuhusiana na jinsi watoto wake walivyojua hesabu. Ulipokwisha, kadiri mwalimu alivyoziogopa hesabu, ndivyo wasichana wake walivyoelekea kuamini kwamba wavulana ni wa hesabu na wasichana ni wa kusoma, na wasichana walioamini hivyo ndio waliofanya vibaya. Wavulana hawakuguswa. Nilipousoma utafiti huo niliwafikiria wenzangu wengi ninaowaheshimu. Kwetu, mwalimu wa shule ya msingi hufunzwa kufundisha karibu kila somo, na katika madarasa ya chini mtu mmoja hubeba takriban yote. Mtu aliyeteswa na hesabu tangu utotoni hukabidhiwa chaki na kuambiwa awafundishe wadogo kutoa kwa kukopa. Ataifanya kazi yake kwa uaminifu, atafuata mwongozo wa mwalimu ukurasa kwa ukurasa. Lakini watoto husoma uso pia.

Katika shule yetu, kitu kilichoanza kuilegeza hofu hiyo ni kodingi, yaani kuiandikia kompyuta maagizo, au usimbaji kama vitabu vinavyoiita. Nasema hivi nikijua kwamba kuna watu wanaouza kodingi kwa maneno matamu, kana kwamba mtoto akigusa kompyuta hesabu zitanyooka zenyewe. Sikuona hivyo. Nilichokiona ni kwamba kodingi ilitulazimisha walimu tukae meza moja, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kuifundisha peke yake. Tulipokaa pamoja, hofu ambayo kila mmoja alikuwa ameificha ilitoka nje, ikazungumzwa, na ikapungua. Watoto wakaona tofauti kabla hata hatujaitambua sisi wenyewe.

Vifaa vilitangulia muda mrefu. Ahadi ya kompyuta kwa watoto wa darasa la kwanza ilitolewa katika kampeni za mwaka 2013, na kuanzia 2016 tableti zikaanza kusambazwa katika shule za msingi za umma kote nchini, nyingine zikiunganishwa hapa magharibi, katika Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret. Mtaala wa umilisi ulipoanza rasmi Januari 2019, ujuzi wa kidijitali ukawa mmoja wa umilisi saba wa msingi, sambamba na mawasiliano na ushirikiano, na kufikiri kwa kina na kutatua matatizo. Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ikaidhinisha mtaala wa kodingi kwa shule za msingi na za sekondari. Kwenye karatasi, basi, kila kitu kilikuwa tayari. Kwenye shule nyingi ninazozijua, tableti zilikuwa zimefungiwa katika chumba chenye milango ya chuma, na ufunguo unakaa kwa mkuu wa shule.

Kilichobadilisha mambo kilikuja bila mtu kukipanga. Januari 2023 Gredi ya 7 ilianza, na sekondari msingi, JSS, ikawekwa ndani ya shule za msingi. Ghafla tukapata walimu vijana wenye digrii, wengi wao wa mkataba wa mafunzo, wakifundisha Sayansi Jumuishi, Hisabati na masomo ya awali ya kiufundi. Anayefundisha Kenya anajua yaliyofuata. Walimu wa JSS wakataka uongozi wao, walimu wa msingi wakahisi wanadharauliwa, na katika shule nyingi kukawa na vyumba viwili vya walimu, birika mbili za chai na salamu za kupitana tu. Madaraja ya mishahara, nani anamsimamia nani, nani ataingia Gredi ya 6 mwenzake akiwa mgonjwa, yote yakawa mizozo. Sitaki kuyapuuza, kwa sababu mengine ni malalamiko ya haki kabisa. Ila mgawanyiko huo unatupotezea kitu ambacho serikali ingetumia mamilioni kukinunua: mtu anayejua kompyuta na mtu anayewajua watoto wa miaka kumi, ndani ya ua mmoja.

Kwetu walikutana kwa sababu ya chai ya saa nne. Gesi ya upande wa JSS iliisha, mwalimu wao wa somo la kiufundi akaja kwetu na kikombe chake, akaketi karibu na mimi nikiwa nasahihisha madaftari ya pembe. Akauliza kwa nini karibu kila mtoto amekosea swali lilelile. Nikamweleza. Akasema, "Hiki ungewaonyesha kwa kobe." Akafungua kompyuta yake ndogo hapo mezani, kando ya mandazi.

Kobe huyo ana historia. Mwaka 1967 Seymour Papert, mwanahisabati aliyezaliwa Pretoria mwaka 1928, alishirikiana na Wally Feurzeig na Cynthia Solomon nchini Marekani kuunda Logo, lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto. Baadaye lugha hiyo ikapewa kobe: kwanza mashine ndogo inayotambaa sakafuni ikichora mstari, kisha alama kwenye skrini. Unampa amri, nenda mbele kiasi hiki, geuka kulia nyuzi kadhaa, naye anatii jinsi alivyoambiwa. Papert alikuwa amefanya kazi na Jean Piaget kule Geneva, na aliamini kwamba mtoto huielewa jiometri vizuri zaidi anapoweza kujiweka mwenyewe mahali pa kobe, akageuza mwili wake. Mmoja wa walioendeleza mawazo yake, Mitchel Resnick wa chuo cha MIT, aliongoza timu iliyotoa Scratch, lugha nyingine ya kompyuta kwa watoto, mwaka 2007. Mtoto hapigi chapa amri yoyote. Anaunganisha vipande vya rangi. Ni bure, ikishawekwa kwenye kompyuta haihitaji intaneti, na ina Kiswahili. Hilo la mwisho lina uzito kwetu, kwa sababu somo la hesabu kuanzia Gredi ya 4 ni Kiingereza kitupu, na wapo watoto ambao hawashindwi na hesabu bali na sentensi iliyoibeba.

Tulikuwa na kompyuta moja ya mwenzangu, projekta ya shule na watoto zaidi ya sitini. Ndiyo maana kobe wetu wa kwanza alikuwa mtoto, uwanjani, chini ya mwembe.

Somo lile tulilipanga watatu. Mimi, kijana wa JSS, na Madam wa Gredi ya 3, mwalimu aliyetutangulia wote kazini. Yeye alikuwa ametuambia wazi, akikoroga chai, kwamba hesabu hazikuwa zake tangu akiwa msichana, na kwamba kila akifika mada ya sehemu huomba wiki ipite upesi. Tulimwomba aje akae nasi hasa kwa sababu hiyo. Mimi na kijana tulikuwa tunaelewana haraka mno, na watu wakielewana haraka huruka hatua ambazo mtoto hawezi kuziruka.

Watoto wa Gredi ya 6 waliandika amri kwenye vipande vya katoni. Mmoja akawa kobe, amefungwa kitambaa machoni ili asisaidie kwa kukisia, na mwingine akamfuata nyuma akimwaga majivu kuchora njia. Mraba ulikuja bila shida: nenda hatua 5, geuka kulia nyuzi 90, rudia mara 4. Kisha tukawaambia wachore pembetatu yenye pande sawa. Kila kundi likaandika jambo lilelile: nenda hatua 5, geuka nyuzi 60, rudia mara 3. Wako sahihi, si wamefundishwa kwamba kila pembe ya pembetatu hiyo ni nyuzi 60? Kobe akaenda, akageuka, akaenda, akageuka, akaenda. Njia ya majivu haikufunga. Ilikuwa imepinda tu, imeacha upande mmoja wazi.

Hapo ndipo kalamu nyekundu ingefanya kazi yake ya siku zote. Badala yake kijana wa JSS akauliza, "Kobe amekosea?" Watoto wakasema hapana, amefanya alivyoambiwa. "Basi mwacheni aendelee na amri hizohizo, tuone anaelekea wapi." Wakarudia mara ya nne, ya tano, ya sita. Njia ikafunga. Walikuwa wamechora pembesita iliyokamilika, umbo ambalo hakuna aliyewaomba, na kelele zilizopigwa chini ya mwembe zilimtoa mkuu wa shule ofisini.

Kwa nini nyuzi 60 zimeleta pembesita badala ya pembetatu? Watoto walibishana hadi kengele. Kobe hageuki kwa pembe iliyo ndani ya umbo. Anageuka kwa pembe iliyo nje, kutoka upande aliokuwa anaelekea hadi upande anaoelekea sasa. Kwa pembetatu ni nyuzi 120. Mara 3 kwa 120 ni 360. Mara 4 kwa 90 ni 360. Mara 6 kwa 60 ni 360. Kobe anayelizunguka umbo na kurudi alikoanzia lazima awe amegeuka mzunguko mmoja mzima. Hakuna aliyewaambia, waliziona namba zikijipanga kwenye katoni.

Msichana mmoja, miongoni mwa wale waliokuwa wameniarifu kwamba haziwaingii, akataka umbo la pande saba. Wenzake wakagawanya 360 kwa 7. Wakapata 51, ikabaki 3. Wakajaribu kumgeuza kobe nyuzi 51, na njia haikufunga sawasawa. Akaniuliza ile 3 iliyobaki wampe kobe yupi. Nimefundisha kugawanya kwenye masalio miaka mingi, na sijawahi kuulizwa swali hilo na mtoto ambaye kweli anahitaji jibu. Desimali tulizianza siku iliyofuata kwa sababu yake, kabla ya zamu yake kwenye mpango wa kazi.

Lakini jambo lililonifanya niandike makala haya lilitokea baadaye, mezani. Tulikuwa tumekubaliana kwamba mimi nafundisha, wao wawili wanatazama watoto. Hawanitazami mimi. Kijana alieleza aliyoyaona, mengi yakiwa kuhusu maagizo. Madam akasema ameona watoto watano au sita upande wa mwembe ambao hawakuelewa kamwe ile pembe ya nje, walikuwa wanashangilia kwa kufuata wenzao. Tukamuuliza kwa nini anafikiri hawakuelewa. Akasema, "Kwa sababu haionekani. Pembe ya ndani ina kuta mbili. Hiyo yenu ya nje ina ukuta mmoja tu, ule mwingine mnauwaza kichwani." Kisha akapendekeza kobe ashike fimbo ndefu mbele yake, na anapofika kwenye kona, aiweke chini ikielekea alikokuwa anaenda, kabla hajageuka. Hapo kuta zitakuwa mbili.

Mimi na kijana tulitazamana. Hesabu tulikuwa nayo sisi, lakini njia ya kuifikisha ilikuwa kwa mtu aliyesema hesabu si zake. Tulipolirudia somo na mkondo mwingine wa Gredi ya 6, kijana akifundisha, fimbo zikiwa chini, watoto waliiona pembe ya nje na ya ndani zimelala kwenye mstari mmoja, 120 na 60, nyuzi 180. Mada ya pembe katika mstari mnyoofu iliingia humo humo. Madam alikuwa amesimama nyuma na daftari lake, na sura aliyokuwa nayo siwezi kuifananisha na ya mtu anayeomba wiki ipite.

Utaratibu huu wa kupanga pamoja, mmoja kufundisha, wengine kutazama, kisha kurekebisha na kurudia, si uvumbuzi wetu. Wajapani wameufanya katika shule zao za msingi kwa zaidi ya karne moja. Na magharibi mwa Kenya haukuja jana: mwaka 1998 mradi wa SMASSE ulipoanza kwa ushirikiano na shirika la Japani la JICA kuimarisha hesabu na sayansi katika sekondari, wilaya 9 za majaribio zilijumuisha Kakamega, Butere-Mumias, Lugari, Kisii na Gucha. Walimu waliopitia mafunzo hayo wanakumbuka mzunguko wake: panga, fanya, tazama, boresha. Kuanzia 2009 mradi ulifikishwa katika shule za msingi. Mafunzo mengi yalikuwa mazuri. Yalikuwa pia ya kwenda na kurudi. Ulienda kituoni wakati wa likizo, ukarudi na jalada, ukaingia darasani peke yako.

Na mwalimu wa Kenya ana sababu ya kuogopa mtu anayekaa nyuma ya darasa lake na daftari. Kwa wengi wetu mtu huyo ni wa tathmini. Anaandika alama, alama zinaingia kwenye mfumo wa Tume ya Huduma za Walimu, na unatia sahihi. Ukishazoea kutazamwa namna hiyo, siku mwenzako akiomba kuja kukaa darasani unatayarisha maonyesho: mada waliyokwisha kuielewa, mtoto hodari amekaa mbele. Ndiyo maana sharti letu la kwanza lilikuwa kwamba anayetazama haandiki neno hata moja kuhusu mwalimu. Anachagua watoto wachache, wale wanyamavu hasa, na kuandika walichosema, walichochora, walipokwama. Kufundisha watoto zaidi ya sitini kwa dakika 35 hakumpi mtu nafasi ya kumwona mtoto mmoja akikwama. Mwenzake aliyeketi nyuma anaweza.

Kuhusu kukosea nina neno la ziada. Katika mazoea yetu mtoto akikosea hesabu, jambo limekwisha: alama ya mkasi, mara nyingine kicheko cha wenzake, na katika shule nyingine adhabu ambayo sheria ilishaikataza. Jibu ni sahihi au si sahihi na daftari linafungwa. Programu haifanyi hivyo. Programu iliyokosewa inafanya kitu fulani, mara nyingi kitu cha kuchekesha, na kazi ya mtoto inaanza hapo: hatua ya ngapi imeharibika? Tulipoanza kutumia kompyuta, watoto walikaa wawili wawili, mmoja kwenye vitufe na mwingine akielekeza, wakibadilishana. Wao wenyewe wakajiita dereva na makanga. Makanga haruhusiwi kugusa vitufe, lazima aseme. Sikiliza kona yoyote na utasikia, "Rudi nyuma, amri ya tatu, si umeandika 9 badala ya 6?" Mtoto anayekosoa kazi kwa namna hiyo hajatukana mtu na aliyekosolewa hajaaibika. Nilianza kulipeleka jambo hili kwenye hesabu za kawaida. Ninaandika ubaoni hesabu ya kugawanya iliyoharibika mahali fulani, na kazi yao ni kuutafuta mstari wenye kosa. Wale wanaoogopa kutoa jibu hawaogopi kutafuta kosa lisilo lao.

Madarasa ya chini tuliyaacha bila kompyuta kabisa, na kwa maoni yangu huko ndiko kazi ilipokuwa tamu zaidi. Timu ya Tim Bell wa Chuo Kikuu cha Canterbury nchini New Zealand imeonyesha tangu miaka ya 1990 kwamba misingi ya kompyuta inaweza kufundishwa kwa kadi na kamba. Tulikata manila, tukachora nukta: kadi ya 1, ya 2, ya 4, ya 8, ya 16. Watoto watano wanasimama mbele, kila mmoja na kadi yake, wakiionyesha au kuificha. Nionyesheni 11. Nionyesheni 20. Namba gani haiwezekani? Wanajaribu wee, na kugundua kwamba kuanzia 0 hadi 31 hakuna isiyowezekana, na kwamba kila moja ina njia moja tu. Hii ni kujumlisha kutupu, lakini mtoto wa Gredi ya 3 hatakuachia kadi kengele ikilia.

Madam ndiye aliyeleta ajua, mchezo wa jamii ya bao. Mashimo alichimba na watoto nyuma ya darasa, kete zikawa mbegu, na akawaomba waandike maagizo ya mchezo kwa mtu ambaye hajawahi kuuona. Chukua kete zote za shimo moja. Tia moja moja katika mashimo yanayofuata. Rudia mpaka mkono uwe mtupu. Ukifika mwisho wa mstari, je? Ikawa ugomvi mkubwa, kwa sababu kila nyumba ina sheria zake, na waliojifunza kwa babu hawakubaliani na waliojifunza kwa kaka. Akawaambia kila kundi liandike sheria zake bila kuacha kitu, kisha wabadilishane karatasi na kucheza kwa sheria za wenzao. Karatasi iliyoacha neno ilijulikana mara moja, mchezo ulisimama. Sijui zoezi bora zaidi la kumfundisha mtoto kwamba maagizo lazima yakamilike. Halafu akauliza: ukiwa na kete 7 mkononi, ya mwisho itaangukia wapi? Wengi walianza kwa kuhesabu shimo kwa shimo. Muhula ulipokwisha walikuwa wanajumlisha kichwani.

Gredi ya 6 nao waliandika programu ya bei za soko la Kibuye. Inauliza ni gorogoro ngapi za mahindi, inauliza bei ya gorogoro, inazidisha, inauliza umetoa pesa ngapi, inakupa chenji. Kisha mtoto mmoja ambaye mamake anauza omena akauliza itakuwaje mteja akitoa pesa pungufu. Programu ikampa chenji ya hasi. Walicheka sana, lakini namba hasi zilikuwa zimeingia darasani kwa mlango wao wenyewe.

Sasa, je, alama zimepanda? Kwa baadhi ya watoto, ndiyo. Sitadai zaidi ya hapo, na nina sababu. Uingereza walilifanyia jambo hili majaribio makubwa, katika shule zaidi ya 100, kwa mpango wa ScratchMaths ulioandaliwa na chuo kikuu cha UCL kwa watoto wa umri wa miaka 9 hadi 11. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Baada ya mwaka wa kwanza watoto walikuwa wameendelea katika kufikiri kwa mpangilio wa kompyuta, hata wale wa familia maskini. Katika mtihani wa hesabu mwishoni mwa mwaka wa pili, hakukuonekana tofauti. Tathmini hiyo ilibaini pia kwamba katika mwaka huo wa pili, ambao ndio wa mtihani wa taifa, walimu hawakuutekeleza mpango jinsi ulivyokusudiwa. Kwa mwalimu wa Gredi ya 6 anayeiona KPSEA, tathmini ya kitaifa ya mwisho wa shule ya msingi, mbele yake, maelezo hayo hayahitaji ufafanuzi.

Wapo watakaoyachukua matokeo hayo kuwa sababu ya kuachana na kodingi. Mimi nayachukua kuwa onyo juu ya mahali pa kuweka nguvu. Kodingi iliyoletwa kama kitabu kingine cha kumaliza itakaririwa jinsi majedwali yanavyokaririwa. Inaposaidia hesabu ni pale mwalimu anapoona mahali hesabu yenyewe ilipo, ile 360, ile fimbo, ile 3 iliyobaki, na kusimama hapo na watoto. Kuiona kunahitaji macho ya mtu zaidi ya mmoja. Programu ya kompyuta haimwonyeshi mwalimu kwamba watoto sita upande wa mwembe wanashangilia tu.

Vikwazo vipo, na sitavirefusha. Stima hupotea. Tableti za 2016 nyingi zimekufa betri. Mwalimu wa mkataba anaweza kuondoka muhula ujao, na maarifa yake yakaondoka naye ikiwa hakuna aliyekaa karibu. Kikubwa kuliko vyote ni muda. Chai ya saa nne haitoshi kupanga somo, na baada ya saa za kazi watu wana mashamba, watoto na boda boda za kuwahi. Mkuu wetu wa shule alifanya jambo moja ambalo halikugharimu senti: alipanga ratiba ili sisi watatu tuwe na kipindi kimoja kitupu kwa wakati mmoja kila wiki. Ningeomba kila mkuu wa shule anayesoma hapa alijaribu hilo kabla ya kununua kifaa chochote. Na ningewaomba maafisa wa mtaala wanaotutembelea waje siku moja wakae mezani tunapopanga, bila fomu.

Muhula ujao tunaanza na sehemu, kwa Gredi ya 3. Tunafikiria ukanda wa karatasi wenye kobe anayeruka nusu, robo na thumni, ili waone ni kuruka kupi kunafika pamoja na kupi kunapitana. Madam ameomba yeye ndiye afundishe wa kwanza. Sisi wengine tutakaa nyuma na kutazama watoto, na walimu wawili kutoka shule jirani wameuliza kama kuna viti.